Bado Hajarudi

Kama kuna kitu kilichomshinda Mayasa Jumamosi ile, ni kukaa kitako. Alikaa kwenye kiti cha saluni akainuka, akakaa tena akainuka, mpaka Falonne akaushika msuko wake kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi, akauvuta.

"Tulia, ma chérie! Kichwa yako inatembea kuliko miguu. Nikikudunga na hii sindano, usinililie."

"Nimetulia."

"Umetulia wapi? Tangu asubuhi uko unaangalia mulango tu."

Falonne alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, msusi wa hapo hapo Bellevue, mtaa wa wahamiaji, mikono myepesi na mdomo usio na komeo. Jumapili aliimba kwaya kanisani kwao, na jioni ya Jumamosi hiyo ndiye angemwimbia Mayasa jukwaani. Sasa alikuwa akimsuka kwa ajili ya Bharatanatyamu, ngoma ya Wahindi wa Kitamil: msuko mmoja mrefu wa mgongoni, nywele za bandia zimeungwa mpaka kiunoni, na juu yake maua meupe yaliyonunuliwa Fordsburg yakaletwa ndani ya kopo la aiskrimu.

"Ulimuambia mama?" Falonne akauliza.

"Bado."

"Eh! Bado tena? Wimbo ni bado, na weye pia bado! Tunapanda saa kumi, Mayasa. Utamuambia wakati gani, watu wakishaanza kupiga makofi?"

Mwiba ulikuwa hapo hapo, na afadhali tuutaje mapema, maana mtu asiyejua atadhani binti ana woga wa jukwaa. Woga wa jukwaa! Mtoto aliyefungwa njuga miguuni kabla meno ya utotoni hayajamwisha, akacheza Lenasia, akacheza Durban, akacheza mbele ya mabalozi asipepese kope? La. Kilichomkosesha raha ni kwamba leo alikuwa anacheza kazi aliyoitunga mwenyewe, na ndani ya kazi hiyo alikuwa amemweka mama yake.

Iko hivi. Katika ngoma ile kuna kipande kirefu cha katikati ambacho ndicho kinachompima mchezaji. Mwanamke anamngoja mpenzi wake, mpenzi haji. Mwimbaji anaimba mstari mmoja, anaurudia, anaurudia tena, na kila ukirudiwa mchezaji anaupa maana nyingine kwa macho, kwa uso na kwa vidole: mara ana huzuni, mara amenuna, mara kasikia nyayo, kumbe jirani. Mstari haubadiliki, uso ndio unaobadilika, na mstari hauachwi mpaka mchezaji aumalize. Katika nyimbo za zamani mpenzi mwenyewe ni mungu wao. Mayasa alimtoa mungu, akaweka mume wa mtu. Akatoa bustani na tausi, akaweka chumba cha Bellevue chenye dirisha la barabarani. Na mahali pa Kitamil akaweka mstari mmoja wa Kiswahili: bado hajarudi.

Sasa, mwanamke huyo wa dirishani hakumzua kichwani.

Baba yake aliitwa Duni, jina la heshima huko kwao Pemba, ingawa watu wa Tanga hawakuacha kulitania. Aliondoka Mayasa akiwa darasa la pili, hakuonekana tena. Kilichobaki katika kumbukumbu ya mtoto ni mama yake amesimama ubavuni mwa dirisha, taa imezimwa, mkono umeshika ukingo wa pazia, anachungulia barabara. Na mezani sahani ya wali imefunikwa kwa sahani nyingine. Mtoto alilala akiiacha picha hiyo, akaamka akaikuta. Alikua nayo.

Lakini nje ya chumba hicho Bi Shufaa, mama yake, hakuwahi kutamka kwamba hana mume. "Baba Mayasa kasafiri," alisema. "Yuko Cape Town kwenye shughuli zake. Anawasalimu." Kila Idi alifikisha salamu za mtu asiyesalimu. Wanawake wenzake wa Tanga na Dar walioko Bellevue na Yeoville wakaitikia, "Waalaikumu salamu," wakatazama pembeni. Walijua. Nani hakujua? Ila kujua ni jambo moja na kutamka ni jambo jingine, na mtu akishajisitiri, kumvua nguo ni ukatili. Leo binti yake wa kumzaa alitaka kuipandisha siri hiyo jukwaani chini ya taa, na wale wanawake wote wamealikwa.

Mtu atasema, si angemwambia mama mapema? Rahisi kusema. Mara ngapi alitoka kazini Sandton, kule ofisi ya bima anakopokea simu za watu wenye hasira kutwa nzima, akashuka treni, akaenda moja kwa moja kwa mama yake na neno limemjaa kinywani, kisha akaishia kuzungumza bei ya vitunguu? Bima aliweza kuwaeleza watu wazima wenye magari yaliyopondeka. Mama yake alimshinda.

"Toa ile kipande," Falonne alisema, akichomeka ua la mwisho. "Cheza ingine tu."

"Nikikitoa hakuna kinachobaki. Itakuwa kupiga miguu tu."

"Basi enda umuambie sasa hivi. Mimi nitakupitia na gari ya shemeji." Kisha akacheka. "Na usinikosolee Kiswahili tena mbele ya wale Wahindi. Kwetu tunasema hayarudia. Hii hajarudi yenu inanichuna ulimi."

Mayasa alikwenda kwa miguu, maua kichwani na raba miguuni, watu wanamgeukia. Roboti, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, zilikuwa zimezimika njia panda, magari yamekutana katikati, kila dereva anadai haki yake kwa honi. Alipanga maneno njiani. Mama, nina neno. Mama, usikasirike. Mama, kuna jambo nimelifanya. Alipofika getini maneno yote yalikuwa yamemwagika.

Nyumba ile ya zamani ilikuwa imegawanywa vyumba, kila chumba na familia yake, na siku hiyo maji yalikuwa yamekatika, korido yote imejaa ndoo. Chumbani kwa mama yake alikuta harusi. Hakuna neno jingine. Wanawake wamevaa sare, kanga mpya za zambarau na rangi ya samli, zimeandikwa Tumeona Wenyewe Msituhadithie. Udi unafuka. Mmoja anajipaka wanja kwenye kioo kilichopasuka, mwingine anatafuta kiatu chini ya kitanda, na wote wanasema kwa pamoja.

Bi Shufaa, ambaye tangu mtoto aanze ngoma hiyo hajawahi kukanyaga ukumbi hata siku moja, safari hii alikuwa ametangaza kwamba atakwenda. Zamani aliogopa maneno: eti binti wa Shufaa anasujudia sanamu. Hakusujudia. Siku mwalimu wa ngoma hiyo alipomwomba mtoto amfundishe, Bi Shufaa, aliyekuwa akishona nguo mlango wa pili na darasa, aliweka sharti moja, hakuna kuinamia sanamu. Mwalimu akamjibu kwamba huyu ataisalimia ardhi tu, ataigusa na kuiomba radhi kabla hajaikanyaga. Bi Shufaa akafikiri kidogo, akasema ardhi ni ya Mungu, iombeni mpendavyo. Hata hivyo hakwenda kutazama. Lakini aliposikia mwaka huu ngoma itaimbwa Kiswahili, moyo ulimjaa, akaalika mpaka watu asiopatana nao.

"Shikamooni," Mayasa alisema.

"Marahaba, bibi harusi!" Aliyeitikia kwanza ni Bi Bushra, ambaye siku zote ndiye anayeitikia kwanza. Bi Bushra aliuza viungo na vitenge, na watu walisema ukitaka habari ifike Tanga kabla ya simu, mnong'oneze yeye. "Loo, umependeza! Laiti baba yako angekuona. Yuko wapi siku hizi, bado huko huko Cape Town?"

"Bado," alijibu Bi Shufaa, akimfunga mtu kishikizo cha mgongoni. "Kasema anamwombea dua."

Mayasa akamsogelea mama yake.

"Mama, nina neno nawe."

"Sema."

"La faragha."

"Faragha gani tena?" Bi Bushra akadakia. "Mtoto nimembeba mgongoni mie, leo ananificha neno! Haya nendeni, masikio yangu nitayatia pamba."

Wakatoka koridoni, wakasimama katikati ya ndoo.

"Mama, kwenye ngoma kuna mahali," Mayasa alianza, "kuna mwanamke anamngoja mumewe."

Bi Shufaa alikuwa akimweka sawa ua lililolegea. "Wanawake wangapi hawangoji waume?"

"Anangoja dirishani."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ua. Mayasa alimtazama usoni, akaona kitu kinapita pale, au alidhani ameona. "Kama hutaki nitakiruka. Niambie tu, mama."

"Shufaa!" Bi Bushra alipaza sauti kutoka chumbani. "Dereva anapiga simu, yuko nje!"

"Nakuja." Bi Shufaa akautoa mkono, akashusha sauti. "Wewe cheza, mwanangu. Nakuja kumtazama mtoto wangu. Ila mbele ya Bushra, Mayasa, tafadhali. Usiniangushe."

Akaingia ndani, akamwacha binti na ndoo. Usiniangushe! Hilo nalo neno? Usiniangushe kwa kucheza vibaya, au usiniangushe kwa kuniumbua? Kaelewa au hakuelewa? Mayasa alilipindua neno hilo njia nzima ya kwenda Doornfontein. Garini alifungua dirisha akalifunga, akalifungua tena. Falonne, aliyekuwa akipasha koo moto pembeni yake, alirudia mstari ule mpaka Mayasa akatamani kumziba mdomo kwa kopo la maua.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa kiwanda cha kofia, sasa umetiwa viti na taa. Katika chumba cha kuvalia alikaa mwalimu wake, goti limefungwa bandeji, anakunywa chai ya chupa. Jina lake lilikuwa Loganayagi Govender, lakini wanafunzi wote walimwita Akka, yaani dada mkubwa kwa Kitamil, hata wale waliokuwa rika la wajukuu zake. Yeye ndiye angekaa pembeni ya jukwaa na matoazi madogo ya shaba, akitamka mapigo na kuwaongoza mwimbaji na mpiga ngoma. Mayasa alipomletea wazo la Kiswahili mara ya kwanza, Akka alimfukuza darasani, hakumsemesha mpaka mwezi mwingine ukaandama. Kisha akamwita, akasema haya, nionyeshe hicho kioja chako. Mayasa akacheza. Akka akatazama mpaka mwisho, akasema miguu mizito, mabega yamepanda, uso hauna uongo. Kisha akauliza mazoezi ni saa ngapi.

"Akka, tuuruke mstari wa dirisha."

Akka akaweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Mama amekuja. Na watu wake wote."

"Ulipokuwa unautunga hukujua una mama?"

Mayasa alikuwa akifunga njuga, kamba inamponyoka. Akainuka, akaenda mlangoni, akarudi, njuga moja imefungwa na nyingine inaburuzika. Akka akamkamata kifundo cha mguu, akainama kwa taabu, akaifunga yeye mwenyewe, akaikaza mpaka ikauma.

"Sikiliza. Mimi nafuata miguu yako. Ukifika pale ukataka kuuruka, piga mguu wa kushoto mara mbili, tutaingia mwisho wa ngoma na hakuna atakayejua." Akakaza fundo. "Ila Jumatatu usije kuwafundisha watoto wa darasa langu kusema kweli kwa uso."

Saa kumi taa zikawaka. Mbele walikaa kina mama wa Kitamil na sari zao za hariri, wametulia. Nyuma yao kanga za zambarau, hazijatulia hata kidogo. Mayasa akaigusa sakafu, akaiomba radhi, akaipiga.

Mwanzo ulikwenda vizuri, tena vizuri kupita mazoezi yote. Nyayo zilishuka pamoja na matoazi, magoti yakakaa wazi kama inavyotakiwa, mikono ikafika kila ilipotumwa. Wanawake wa Bellevue, ambao hawakuambiwa na mtu kwamba hapa watu hukaa kimya, walipoona shingo ile inakwenda kulia na kushoto bila mabega kuwa na habari, walipasua vigelegele. Mama mmoja wa ukumbini akaja na tochi, akaweka kidole mdomoni. Bi Bushra naye akamwekea chake. Kina mama wa Kitamil wakageuka. Mmoja akatabasamu, mwingine hakuona cha kutabasamia.

Mayasa alicheza, lakini akili yake ilikuwa kwenye mguu wa kushoto. Kuruka au kutoruka. Kila mzunguko ulimsogeza karibu na mahali pale, na wanja ulikuwa umeanza kumwingia jichoni. Akajaribu kumtafuta mama yake katika zile kanga, akaona kanga tu. Kisha mpiga ngoma akapunguza mkono, na Falonne, kwa sauti yake ya kanisani aliyofundishwa kuizungusha Kihindi, akaimba: bado hajarudi.

Mayasa akapiga mguu wa kushoto mara moja. Akka akainua macho.

Mguu ukapanda mara ya pili, ukabaki juu. Na ungali juu, hasira ikamshika, hasira ambayo hakuitegemea kabisa. Alikumbuka ni nani aliyekuwa akitumwa kupeleka zile salamu za Idi. Ni yeye. Mtoto mdogo, gauni jipya, sahani ya vileja mkononi, anabisha mlango hata mlango: "Baba anawasalimu." Aliwadanganya watu mtaa mzima kabla hajajua kusoma saa vizuri. Amechoka. Wallahi amechoka! Akaushusha mguu taratibu, bila mshindo, akaenda dirishani.

Dirisha halikuwepo, bila shaka. Palikuwa na vidole vyake viwili vilivyoshika ukingo wa pazia. Akasimama ubavuni, bega ukutani, kidevu chini, anachungulia barabara. Bado hajarudi. Akageukia meza, akaifunika sahani, akaigusa kwa kiganja kuona kama ingali na joto. Bado hajarudi. Akaenda mlangoni akasikiliza. Nyayo! Uso ukafunguka. Nyayo zikapita, uso ukafungika. Bado hajarudi.

Vigelegele vilikwisha. Katika kanga zote zile hakuna aliyesogea. Walimtambua mwanamke yule hata kabla hajafika mezani: ile ni shingo ya Shufaa, ule ni mkono wa Shufaa. Mayasa aliwaona wanavyoangaliana, akajuta. Nimemwanika mama yangu, alijisemea, na sasa nitampata wapi mama mwingine.

Ndipo Bi Bushra alipofungua mkoba wake.

Kwa asiyejua taarabu, hilo ni jambo dogo. Lakini kwenye taarabu mtu haendi kutuza ovyo. Unakaa, unangoja ubeti unaokuhusu wewe, au unaomhusu mbaya wako. Ukifika huo, unainuka na noti yako, unapita polepole mbele za watu, na kila mwenye macho anajua maneno yale ni ya nani na anatupiwa nani. Bi Bushra hakujali kwamba hapa si taarabu. Yeye alisikia mstari unarudiwa, akaona mpasho umekaa mahali pake, akaikunjua noti na kuanza kuinuka, huku jicho liko kwa Shufaa.

Mkono ukamshika bega, ukamkalisha.

"Kaa, Bushra," alisema Bi Shufaa, na kwa ukimya ule walimsikia hata jukwaani. "Mstari huu si wako."

Akainuka yeye.

Mwenye tochi akamkimbilia. Kina mama wa Kitamil wakashika sari zao. Falonne, aliyekuwa ameufikisha mstari mwisho, alimtolea Akka macho: niendelee, nisiendelee? Akka hakupepesa. Mchezaji hajaumaliza mstari, na utaratibu ni utaratibu. Akagonga matoazi, na kwa kidevu akamfukuza yule wa tochi. Falonne akarudia. Bado hajarudi.

Bi Shufaa alipanda, akavua viatu kwenye ngazi ya mwisho. Mayasa alikuwa amesimama na pazia lake mkononi, hajui alishike au aliachie. Aliuona uso wa mama yake unakuja na hakuweza kuusoma. Atanizaba kofi, aliwaza, na atakuwa na haki. Mama akafika. Akambandika noti kwenye paji la uso, ikashika kwa jasho. Kisha, mkono ungali pale, akamwinamia sikioni.

"Umekosea," alisema.

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza unisikilize. Pale nilikuwa simngoji." Alisema haraka haraka, kwa sauti kavu ya mtu anayemwelekeza fundi. "Nilikuwa nachungulia asije. Nilimfukuza mimi, Mayasa. Ule mkono niliokwambia nimeteleza ukavunjika, sikuteleza. Na ile sahani haikuwa yake, ilikuwa yako. Ulikuwa unalala hujala."

Mayasa akanong'ona. "Na zile salamu?"

"Mwanamke asiye na mume, na mtoto wa kike chumba kimoja, hapa tungelala salama?" Bi Shufaa akavuta pumzi. "Kila jioni nilikuwa namwomba Mungu asirudi. Haya. Cheza hivyo."

Akashuka, viatu mkononi.

Mayasa alibaki palepale. Miaka yote hiyo! Kazi yote ile ya kutunga, magoti yamevimba, Akka amemfukuza na kumrudisha, na alikuwa ameusoma uso wa mama yake kichwa chini miguu juu. Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kumkimbilia. Akavitazama vidole vyake viwili vilivyoshika pazia. Alidhani vinalifungua. Kumbe vililishika lisifunguke. Na hakukuwa na kidole hata kimoja cha kubadilisha.

Akka alikuwa akimtazama, matoazi hewani, nyusi zimepanda: umeumaliza? Mayasa akatikisa kichwa. Bado.

Falonne akaimba. Mayasa akasimama ubavuni, bega ukutani, vidole vilevile. Akasikia nyayo, na safari hii uso ukafungika, mkono mmoja ukaenda tumboni, mwili wote ukaegemea mlango kuuzuia. Nyayo zikapita. Pumzi zikamtoka. Akaenda mezani akaifunua sahani, akamtazama mtoto aliyelala, akamtazama kwa muda, akaifunika tena isipoe. Noti ingali imenata kwenye paji la uso. Akarudi dirishani, akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Barabara haina mtu. Mabega yakashuka. Akka, aliyekuwa akimkemea mabega hayo tangu utotoni, aliyaona yanavyoshuka, akapiga matoazi taratibu zaidi.

"Bado hajarudi," Falonne aliimba tena, safari hii kwa sauti ya chini, maana naye alikuwa ameshaelewa.

Katikati ya zile kanga, pembeni ya Bi Bushra aliyekuwa amejiziba mdomo, Bi Shufaa hakungoja uso wa mchezaji ujibu. Akajibu yeye, kwa sauti ya juu, sauti ya mtu aliyeulizwa habari za nyumbani:

"Alhamdulillahi!"